Ziwa Kivu lina gesi, pikapu za Goma zinachoma mazutu: kinachokosekana si injini

Kila lita ya mazutu inayoungua ndani ya pikapu mjini Goma au Bukavu imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam. Imevuka mipaka miwili, imelipiwa ushuru na usafiri njiani, na mara nyingi inamfikia dereva ndani ya bidoni ya muuzaji wa kando ya barabara, wale ambao Wakongo huwaita Kadhafi. Wakati huo huo, chini ya maji ya Ziwa Kivu kuna gesi ya metani inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 60, ambayo Kongo na Rwanda zinagawana nusu kwa nusu. Kwa kipimo cha nishati, mita moja ya ujazo ya metani inakaribia sana lita moja ya mazutu.

Ndiyo maana swali hili linarudi kila mara mazutu yanapopanda bei: gari la mazutu linaweza kutumia gesi? Jibu la ufundi ni ndiyo, lakini kwa sehemu tu. Na hiyo sehemu ndiyo inayoleta ubishi, kwa sababu faida yake inategemea mambo ambayo fundi wa garaji hana uwezo nayo.

Injini ya mazutu haina buji, yaani zile plagi za kutoa cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa na joto kali, kisha mazutu yanarushwa ndani na yanawaka yenyewe. Mazutu huwaka yenyewe kwenye nyuzi joto 200 na ushee. Metani inataka zaidi ya nyuzi 500, hivyo haiwezi kuachwa iwake kwa kubanwa tu. Mafundi wana njia mbili. Ya kwanza ni kuigeuza injini kabisa: kutoa injekta, kuweka buji, kupunguza nguvu ya mbano. Hiyo ni kazi ya gharama kubwa na gari halirudi tena kwenye mazutu. Ya pili ni kuiacha injini jinsi ilivyo na kuingiza gesi kwenye bomba la hewa, ili ichanganyike na hewa kabla ya kufika ndani ya silinda. Mazutu kidogo yanarushwa kama kawaida, yanawaka, na moto wake unawasha gesi iliyoko pembeni. Mazutu yanageuka kuwa kiberiti.

Njia hii ya pili ndiyo inayofaa pikapu. Gesi ikiisha, dereva anaendelea na mazutu bila kusimama. Katika mazoea ya kawaida gesi huchukua nafasi ya mazutu kwa asilimia 40 hadi 60, na inaweza kupanda zaidi gari likienda mwendo wa katikati barabarani, likiwa na mzigo wa kadiri. Gari likiwa limesimama linanguruma, au likitambaa katika msongamano, gesi haisaidii kitu. Mchanganyiko unakuwa mwepesi mno, haushiki moto vizuri, na sehemu ya metani inatoka kwenye bomba la moshi bila kuungua. Hapo ndipo sifa ya gesi kuwa nishati safi inapopungua: kwa kipindi cha miaka 20, metani hupasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Moshi mweusi unapungua kweli, hilo halina ubishi. Lakini anayeuza mtambo huu kwa jina la kulinda mazingira inafaa aulizwe kinachotoka kwenye bomba gari likiwa kwenye foleni.

Upande wa pili, gari likiwa na mzigo mzito na mlima mbele, gesi ikizidi inawaka kabla ya wakati wake. Injini inagonga, moshi unakuwa na joto kupita kiasi, na pistoni zinaweza kutoboka. Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: mazutu yanayopita kwenye injekta huipoza ncha yake. Yakipunguzwa sana, ncha hiyo inaungua. Mtambo mzuri kwa hiyo una kipimo cha joto la moshi, una kifaa cha kusikia mgongano, na unakata gesi wenyewe injini inapozidi mzunguko uliowekwa. Mtambo mbaya una mpira, valvu na matumaini.

Kwa Kivu kuna tatizo la ziada, nalo ni mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara za Masisi au za Walungu zinapanda zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, na gesi inayoingia inachukua sehemu ya nafasi ya hewa hiyo. Gari lenye turbo linavumilia. Lakini gari linalojulikana kuliko yote katika barabara hizo, lile la mashirika ya misaada, la hospitali na la wachuuzi wa vijijini, ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, haina turbo, pampu yake ya mazutu ni ya chuma tupu bila kompyuta. Watu wanaipenda kwa sababu fundi yeyote anaitengeneza hata porini. Inaweza kupokea gesi, na udereva wake haubadiliki sana, kwa kuwa gesi inapoongeza nguvu dereva anapunguza mguu na pampu inarusha mazutu machache. Ila hakuna kompyuta ya kuhesabu chochote. Kipimo cha gesi ni lazima kiwe cha tahadhari, na akiba ya mazutu itakuwa ndogo kuliko ile inayoandikwa kwenye karatasi za wauzaji. Pikapu mpya zenye injekta za umeme zinafaa zaidi kwa akiba, lakini zinahitaji fundi mwenye kompyuta na mafunzo, na hao ni wachache.

Mahali pa kupima hesabu ni Tanzania, nchi ya karibu ambako magari ya gesi yamekuwa jambo la kila siku. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika 2015. Kituo cha kwanza cha kujaza magari kilikuwa Ubungo, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaofunga mitambo hiyo. Magari mengi yaliyobadilishwa huko ni ya petroli, hasa teksi na bajaji, ambayo hugeuzwa kwa urahisi kwa kuwa tayari yana cheche. Bei ya gesi iliyotajwa sana katika miaka ya karibuni ni shilingi 1,550 za Tanzania kwa kilo, na kilo moja inafanya kazi ya lita 1.3 hivi za mazutu.

Kwa bei hizo hesabu ya pikapu ya mazutu inaweza kupigwa. Ichukuliwe gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100, na mazutu ya shilingi 3,000 kwa lita. Gesi ikichukua nusu, zinaokolewa lita sita, sawa na shilingi 18,000, na zinanunuliwa kilo kama nne na nusu za gesi, shilingi 7,000 na kitu. Kinachobaki mfukoni ni karibu shilingi 11,000 kwa kila kilomita 100. Kama kufunga mtambo na mtungi kumegharimu, tuseme, milioni nne, gari litalazimika kutembea zaidi ya kilomita 36,000 kabla ya kurudisha fedha hiyo. Mwenye pikapu ya kusambaza bia au saruji, anayetembea kilomita 120 kwa siku, anaimaliza ndani ya mwaka. Mtu anayetoka Himbi kwenda kazini mjini na kurudi atangoja miaka mitano au zaidi, na huenda gari likamfia kabla.

Hesabu hiyo pia haina uzito ndani yake. Mtungi wa chuma wa lita 60 unabeba kilo kumi hivi za gesi ikiwa imebanwa kwa presha ya 200, na wenyewe una uzito wa kilo 60 au zaidi. Ukijaa unatosha zaidi ya kilomita 200 za mchanganyiko. Kwa mitungi miwili, pamoja na vyuma vya kuishika, dereva amepoteza mifuko mitatu ya saruji ya kila safari, na sehemu ya mbele ya karasha. Kwa mchuuzi anayelipwa kwa mzigo, hiyo nayo ni gharama, tena ya kila siku.

Hata hivyo, jambo lililowasumbua wenye magari wa Dar es Salaam halikuwa uzito wala injini. Mwaka 2024 foleni za bajaji na teksi kwenye vituo vichache vya gesi zilikuwa habari ya kila wiki, watu wakingoja kwa saa nyingi, wengine usiku. Magari yalibadilishwa haraka kuliko vituo vilivyojengwa. Na hiyo ni nchi yenye bomba, yenye gesi safi inayotoka ardhini ikiwa karibu metani tupu, na yenye shirika la serikali, TPDC, linaloisimamia.

Kivu haina hata kimoja katika hivyo. Gesi ya ziwa haitoki yenyewe. Imeyeyuka ndani ya maji ya chini, inabidi maji yapandishwe kutoka kina cha mita 300 na zaidi, na inapotengana nayo inakuja pamoja na kaboni dioksidi iliyo nyingi kuliko metani yenyewe, na kiasi cha gesi ya salfa yenye harufu ya mayai yaliyooza. Kwa kuzalisha umeme, usafishaji wa kadiri unatosha. Kiwanda cha KivuWatt upande wa Rwanda, huko Karongi, kimefanya hivyo tangu mwisho wa 2015 na kinatoa megawati 26. Shema Power ilifuata karibu na Rubavu, ikiwa na lengo la megawati 56. Na zamani zaidi, tangu miaka ya 1960, kituo kidogo cha Rubona kilipeleka gesi ya ziwa kwenye mitambo ya mvuke ya kiwanda cha bia cha Gisenyi. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba gesi hii haijulikani jinsi ya kuchomwa.

Gari ni jambo tofauti. Gesi ikiingia katika mtungi wa chuma ikiwa na unyevu, kaboni dioksidi na salfa vitaula mtungi huo kutoka ndani, mahali ambapo jicho halioni. Lazima ikaushwe na kusafishwa kabisa, halafu kompresa ziibane mpaka presha ya 200 au 250, na kompresa hizo zinataka umeme usiokatika. Mkaaji yeyote wa Goma au Bukavu anajua maana ya sharti hilo la mwisho. Rwanda ilitia sahihi mwaka 2019 mkataba na kampuni ya Gasmeth, wa uwekezaji uliotangazwa kuwa wa dola milioni 400, kwa ajili ya gesi ya kubanwa ya viwanda, ya kupikia na ya magari. Kiasi hicho peke yake kinaonyesha kwamba gesi ya gari si kazi ya pembeni ya mtu mwenye kiwanda cha umeme.

Upande wa Kongo, serikali ilizindua mnada wa vitalu vitatu vya gesi ya Ziwa Kivu mwezi Julai 2022, pamoja na vitalu 27 vya petroli. Januari 2023 wizara ya Hidrokaboni ilitangaza washindi: Symbion Power kwa kitalu cha Makelele, Winds Exploration and Production kwa Idjwi, na Alfajiri Energy kwa Lwandjofu. Mnada wa petroli ulifutwa Oktoba 2024. Gesi ilibaki kwenye karatasi, na mwanzoni mwa 2025 vita vikaifikia: Goma ikaangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Mwekezaji mwenye leseni ya Kinshasa sasa ana ziwa ambalo ukingo wake mkubwa uko chini ya watu wasioitambua Kinshasa. Benki zilifunga milango Goma, uwanja wa ndege ukafungwa. Katika hali kama hiyo hakuna anayepandisha mtambo wa tani mia kadhaa juu ya maji.

Hapo inakuja hatari ya kweli, nayo ni kwamba mitambo ya gari inaweza kufika kabla ya gesi na kabla ya sheria. Vifaa hivi vinauzwa kwa intaneti, vinaingia ndani ya kontena pamoja na vipuri vya kawaida. Na watu wengi hawatofautishi gesi mbili. Ile ya kupikia inayouzwa kwenye mitungi midogo mijini Goma na Bukavu ni butani na propani. Inageuka maji kwa presha ndogo, chini ya 10 kwa kawaida, na mtungi wake umetengenezwa kwa presha hiyo. Metani ya gari inakaa kwa presha ya 200. Anayejaza metani ya kubanwa ndani ya mtungi wa jikoni ametengeneza bomu. Hata tabia zake ni tofauti zikivuja: metani ni nyepesi kuliko hewa na inapanda juu, ile ya kupikia ni nzito na inatambaa chini, inajificha kwenye mashimo na mifereji.

Nigeria ililipia somo hili. Baada ya ruzuku ya petroli kuondolewa Mei 2023, serikali ya Abuja ilisukuma kwa nguvu magari yageuzwe yatumie gesi. Oktoba 2024 gari moja lililipuka wakati wa kujazwa katika mji wa Benin na kujeruhi watu. Wakuu wa mpango huo walieleza kwamba mtungi haukuwa umeidhinishwa na ulikuwa umechomelewa. Gari lenyewe na gesi yenyewe havikuwa na kosa. Lililokosekana lilikuwa jambo dogo la kiserikali: mtu wa kuukagua mtungi na kumzuia dereva kwenye pampu.

Kongo ina sheria ya hidrokaboni ya Agosti 2015, na ina OCC, ofisi inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Kazi ya mitungi ingeangukia huko kwa kawaida: kila mtungi kuwa na namba na tarehe yake, kupimwa upya kwa maji ya presha kila baada ya miaka michache, na kutupwa ukifika umri wake, ambao kwa mitungi mingi ni miaka 15 au 20. Hiyo si teknolojia ya anga. Inahitaji pampu ya maji, kipimo kilichosahihishwa, daftari, na mkaguzi ambaye hachukui noti badala ya kupima. Kati ya vitu hivyo vinne, vitatu vinanunuliwa.

Ajabu ni kwamba Wakongo watakaotangulia kuchanganya mazutu na gesi huenda wasiwe wa Kivu kabisa. Katanga iko mbali na ziwa, lakini magari yanayobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi yanashuka mpaka Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa, Zambia na Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa upande mmoja. Yanalala mahali ambapo gesi ipo. Kwa lori linalotumia gesi tupu, safari hiyo haiwezekani, kwa sababu vituo vingi viko Dar es Salaam na mikoa ya jirani. Kwa lori la mchanganyiko inawezekana: linaondoka bandarini na mitungi imejaa, linaokoa mazutu kwa kilomita mia tatu au nne za kwanza, na zilizobaki linazimaliza jinsi linavyofanya leo. Kiwanda cha saruji cha Dangote huko Mtwara tayari kina malori yake ya gesi na kituo chake.

Akiba ya kilomita 400 katika safari ya zaidi ya 2,000 ni ndogo. Lakini lori kubwa linakula mara tatu hadi nne ya pikapu, na linatembea mwaka mzima. Hesabu ile ile iliyomkatisha tamaa mkaaji wa Himbi inaweza kumpendeza mwenye malori kumi wa Lubumbashi. Akifunga mitungi Dar es Salaam, atahitaji cheti cha karakana iliyoifunga, namba ya kila mtungi ndani ya karatasi za gari, na bima inayojua kwamba gari limebadilishwa. Na atahitaji fundi upande wa Kongo anayejua kufunga gesi kabla ya kuanza kuchomelea fremu ya lori, kazi ambayo kwenye karakana za barabara ya Kasumbalesa inafanywa kila siku.